Larbi Ben M'hidi: Mateka aliyezuliwa kuwa amejiua

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, masahaba wake na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema.

Ama baad. Wasomaji wetu watukufu, Ijumaa ya leo tunaelekea Algeria, katika zile siku ambazo jiji la Algiers liligeuka uwanja wa vita baina ya askari wa Ufaransa na wapiganaji wa ukombozi. Tutamzungumzia Larbi Ben M'hidi, mmoja wa viongozi wa mapambano hayo, aliyefariki mwaka 1957 akiwa na umri wa miaka 34 hivi.

Tumemchagua yeye kwa sababu ya namna alivyokufa na namna kifo chake kilivyotangazwa. Aliuawa akiwa mateka, kisha dunia ikaambiwa kuwa amejinyonga. Kila familia ya Kiislamu inaujua uzito wa habari ya namna hiyo. Kufiwa na kijana ni msiba. Kuambiwa kuwa kijana huyo, mliyemlea katika swala na kumcha Mungu, ameitoa roho yake kwa mkono wake mwenyewe, huo ni msiba juu ya msiba.

Kuzaliwa na ujana wake

Ben M'hidi alizaliwa mwaka 1923 katika kijiji kilicho karibu na mji wa Aïn M'lila, upande wa mashariki ya Algeria. Alisoma Batna, kisha jamaa zake wakahamia Biskra, mji ulio mlangoni mwa jangwa la Sahara. Huko alijiunga na skauti wa Kiislamu, akapenda mpira na michezo ya kuigiza. Baadaye wenzake walimpa jina la Hakim, kwa utulivu wake na upole wa maneno yake.

Nchi aliyozaliwa ilikuwa imevamiwa na Wafaransa tangu mwaka 1830. Mwaka 1848 Ufaransa iliitangaza kaskazini ya Algeria kuwa mikoa yake, kama ilivyo mikoa ya Paris au Marseille. Lakini Waislamu, ambao kufikia mwaka 1954 walikuwa takriban milioni 9, hawakuwa na haki sawa na walowezi wa Kizungu waliokaribia milioni 1. Ardhi nzuri ilikuwa mikononi mwa wachache, na kura ya Mwislamu haikuwa na uzito wa kura ya mlowezi.

Tarehe 8 Mei 1945, siku ambayo Ulaya ilisherehekea kushindwa kwa Ujerumani, Waislamu waliandamana katika mji wa Sétif na mahali pengine wakidai uhuru wao. Risasi zikalia, walowezi wapatao 100 wakauawa katika ghasia zilizofuata, kisha jeshi na wanamgambo wa walowezi wakalipiza kwa kuwaua maelfu ya Waislamu. Ben M'hidi, kijana wa miaka 22, alikuwa miongoni mwa waliokamatwa na kuwekwa kizuizini kwa muda. Alipotoka, hakuamini tena kwamba haki ingepatikana kwa maandamano na maombi pekee. Mwaka 1947 alijiunga na kundi la siri lililokuwa likijiandaa kwa silaha. Kundi hilo lilipogunduliwa mwaka 1950, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 bila yeye kuwapo mahakamani, na tangu hapo akaishi maisha ya kujificha.

Wanaume sita katika picha moja

Mwishoni mwa Oktoba 1954 wanaume sita waliingia katika duka la mpiga picha jijini Algiers wakapigwa picha ya pamoja. Wanne wamesimama na wawili wameketi, na mmoja wa walioketi ni Ben M'hidi. Hao ndio viongozi wa ndani wa Chama cha Ukombozi wa Taifa, FLN, kilichoanzisha vita usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 1954. Watatu kati yao hawakuishi kuuona uhuru. Didouche Mourad aliuawa Januari 1955, Mostefa Ben Boulaïd akafuata Machi 1956, na wa tatu ndiye tunayemzungumzia.

Ben M'hidi alipewa jukumu la kuongoza eneo la magharibi, upande wa Oran. Agosti 1956 aliongoza mkutano mkuu wa wapiganaji katika bonde la Soummam, ambao uliweka taratibu za mapambano na kuchagua kamati ya utendaji ya watu watano. Yeye alikuwa mmoja wao. Kamati hiyo ikaamua kuweka makao yake Algiers kwenyewe, mbele ya macho ya serikali.

Vita vya vichochoro

Wasomaji wetu wanaoujua mji mkongwe wa Zanzibar au wa Mombasa wanaweza kuipatia picha Casbah ya Algiers, ila Casbah imejengwa kwenye mteremko mkali. Vichochoro vyake ni vyembamba, vingi ni ngazi tupu, na mapaa yake bapa yamekaribiana kiasi cha mtu kuvuka kutoka nyumba hadi nyumba. Ndani yake walisongamana watu takriban 80,000. Wapiganaji walijenga kuta za uongo na kujificha nyuma yake, na akina mama walibeba silaha chini ya shuka zao nyeupe za stara.

Damu ilianza kumwagika kwa wingi mwaka 1956. Mwezi Juni wafungwa wawili wa FLN walikatwa vichwa gerezani, na wapiganaji wakalipiza kwa kuwapiga risasi Wazungu mitaani. Tarehe 10 Agosti walowezi wenye siasa kali walitega bomu katika mtaa wa Thèbes ndani ya Casbah, nyumba zikawaporomokea waliolala. Tarehe 30 Septemba FLN nayo ikatega mabomu katika mikahawa ya Wazungu, ukiwamo mkahawa wa Milk Bar. Watu walikufa na makumi wakajeruhiwa, wakiwamo watoto wadogo waliopoteza viungo vyao.

Hapa hatuna budi kusema kweli, hata kama inauma. Dini yetu imekataza kuwaua wanawake, watoto na wasiopigana, na dhulma ya adui haihalalishi kumdhulumu mtoto wa adui. Ben M'hidi alikuwa miongoni mwa viongozi waliobeba dhamana ya mapambano ya jiji, na dhamana hiyo inaambatana na yale mabomu. Hatuandiki maisha yake ili kuficha jambo hilo. Hesabu yake iko kwa Mola wake, ambaye hapitiwi na jambo dogo wala kubwa.

Tarehe 7 Januari 1957 serikali ilimkabidhi Jenerali Massu na askari wake wa miavuli mamlaka yote ya polisi jijini. Casbah ikazungushiwa seng'enge na vizuizi. Kila nyumba ikaandikwa namba, wakazi wake wakaorodheshwa, na mtu mmoja akatakiwa kutoa habari za kila anayeingia na kutoka. Tarehe 28 Januari FLN iliitisha mgomo wa siku nane, ili Umoja wa Mataifa uliokuwa ukijadili suala la Algeria uone watu wako upande gani. Ben M'hidi alikuwa miongoni mwa walioutetea sana mgomo huo. Siku ya kwanza jiji la Waislamu lilinyamaza. Askari wakaing'oa milango ya maduka na kuwapakia wafanyakazi katika malori kwa nguvu.

Maelfu ya watu walichukuliwa majumbani mwao usiku. Wengi waliteswa kwa umeme na kwa maji, na wengine hawakuonekana tena. Paul Teitgen, Mfaransa aliyekuwa mkuu wa utawala wa polisi jijini, aliwaona wafungwa wenye alama za mateso yale yale aliyotendewa yeye na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Aliomba kujiuzulu, na kwa hesabu yake watu zaidi ya 3,000 walitoweka. Jenerali de Bollardière naye aliomba kuondolewa katika kazi hiyo, akaadhibiwa kwa kifungo cha siku 60. Tunawataja hao kwa sababu uadilifu unatutaka tumpe haki yake hata asiyekuwa wa upande wetu.

Kukamatwa na kuuawa

Tarehe 23 Februari 1957 Ben M'hidi alikamatwa katika nyumba iliyokuwa mtaa wa Wazungu. Alionyeshwa mbele ya waandishi wa habari akiwa amefungwa pingu, na picha za siku hiyo zinamwonyesha akitabasamu katikati ya askari. Kanali Bigeard, ambaye askari wake ndio waliomkamata, alizungumza naye kwa siku kadhaa na akamstahi kama kamanda mwenzake. Hakuwataja wenzake.

Usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Machi alitolewa mikononi mwa Bigeard na kukabidhiwa kwa Paul Aussaresses, ofisa aliyesimamia kazi za siri. Alipelekwa katika shamba lililojitenga nje ya jiji, akanyongwa. Hakukuwa na hakimu, wala shtaka, wala hukumu. Tarehe 6 Machi msemaji wa serikali alitangaza kuwa mfungwa huyo amejinyonga kwa vipande vya nguo zake.

Ndugu Waislamu, tuutazame uzito wa uongo huo. Kujiua katika Uislamu ni dhambi kubwa. Waliomnyonga walimwondolea uhai wake, kisha wakataka kumwondolea na heshima yake mbele ya umma wake. Jamaa zake hawakuikubali habari hiyo, na dada yake aliendelea kudai ukweli kwa miaka mingi.

Ukweli ulivyochelewa

Kufikia Oktoba 1957 mtandao wa FLN jijini Algiers ulikuwa umevunjwa, na askari wa miavuli wakahesabiwa kuwa washindi. Hata hivyo, habari za mateso zilifika Ufaransa na kuzitikisa nyoyo za watu wengi huko. Tarehe 5 Julai 1962 Algeria ikawa nchi huru.

Mwaka 2001 Aussaresses, akiwa mzee, alikiri katika kitabu chake kwamba ni yeye aliyesimamia kunyongwa kwa Ben M'hidi, na kwamba kujiua kulikuwa hadithi ya kutungwa. Hakushtakiwa kwa mauaji, kwa kuwa sheria za msamaha zilizopitishwa baada ya vita zilimkinga. Mwaka 2002 alitozwa faini kwa kuyatetea matendo hayo katika maandishi yake, na baadaye akavuliwa nishani. Alifariki mwaka 2013. Hatimaye, tarehe 1 Novemba 2024, Rais Emmanuel Macron alikiri kwa niaba ya Ufaransa kwamba Ben M'hidi aliuawa na askari wa Ufaransa waliokuwa chini ya Aussaresses. Miaka 67 ilikuwa imepita.

Mafunzo tunayoyapata

Kwanza, mateka ni amana. Qur'ani tukufu, katika Surat Al-Insan, imewasifu wanaompa chakula mateka hali ya kuwa wao wenyewe wanakipenda chakula hicho. Baada ya vita vya Badri, mateka waliojua kusoma walikombolewa kwa kuwafundisha watoto wa Madina. Mpiganaji aliye uwanjani anaweza kudai kuwa amejihami. Anayemuua mtu aliyefungwa mikono hana la kudai.

Pili, tusiwe wepesi kuipokea habari ya aliyekufa mikononi mwa wenye nguvu, wala tusiwe wepesi kumhukumu maiti. Ni wangapi wamezikwa na tuhuma ambazo hawakuwa na ulimi wa kuzikanusha!

Tatu, tuwasimulie watoto wetu habari za mashujaa kwa ukamilifu. Leo barabara ulipo mkahawa wa Milk Bar inaitwa kwa jina la Larbi Ben M'hidi. Katika barabara hiyo moja kuna kumbukumbu ya mtu aliyeuawa kwa dhulma, na kuna kumbukumbu ya watoto waliodhulumiwa pia. Mzazi mwadilifu atamweleza mwanawe yote mawili.

Tunamuomba Allah (S.W.) awarehemu waliodhulumiwa, awape subira jamaa ambao hadi leo hawajui wapendwa wao wamezikwa wapi, na atukinge tusiwe wenye kudhulumu wala wenye kudhulumiwa. Amin.

Wallahu a'alam.