Richard Dalitz na Mchoro wa Nukta

Wapo wataalamu ambao majina yao hutajwa kila siku katika maabara za dunia, ilhali mwananchi wa kawaida hajapata kuyasikia. Mmoja wao ni Richard Dalitz, aliyezaliwa tarehe 28 Februari 1925 katika mji mdogo wa Dimboola, jimbo la Victoria, Australia, na kufariki Oxford, Uingereza, tarehe 13 Januari 2006. Wazee wake walikuwa Wawendi, kabila dogo la Kislavu lenye asili yake Ujerumani, na yeye hakuchoka kuichunguza historia ya watu hao.

Baada ya masomo ya Melbourne alikwenda Cambridge mwaka 1946, kisha Bristol, ambako Cecil Powell na wenzake walikuwa wakinasa katika bamba za picha chembe zitokazo anga za juu. Huko Bristol, mwaka 1949, ilionekana alama ya chembe iliyovunjika ikawa pioni tatu. Ikaitwa tau. Ilikuwapo pia nyingine, theta, iliyovunjika ikawa pioni mbili. Kadiri vipimo vilivyozidi kuwa sahihi, ndivyo uzito wa hizo mbili ulivyozidi kulingana, takriban nusu ya protoni, na muda wao wa kuishi nao ukawa mmoja. Je, zilikuwa chembe mbili au moja?

Dalitz alilikabili swali hilo kwa njia nyepesi mno. Chembe ikivunjika mafungu matatu, nishati hugawanywa mithili ya urithi: jumla haibadiliki, bali fungu la kila mrithi hutofautiana. Mwaka 1953 alichora umbo moja, na kila tukio akaliwekea nukta mahali panapoonyesha mgawanyo wake. Nukta moja haisemi kitu. Nyingi hufichua tabia ya mzazi. Nukta za tau zilitapakaa karibu sawasawa mchoroni kote. Maana yake ilikuwa kwamba, kwa kanuni iliyoaminiwa siku zile, ya kuwa maumbile hayabagui kulia na kushoto, tau na theta haziwezi kuwa kitu kimoja.

Basi ama vipimo vilikosea, ama kanuni. Mwaka 1956 Lee na Yang, Wachina waliokuwa Marekani, walithubutu kuitilia shaka kanuni, na mwanzoni mwa 1957 Bibi Wu na wenzake wakathibitisha kwa majaribio kwamba ilivunjwa. Tau na theta zikawa chembe moja, iitwayo kaoni. Lee na Yang wakatunukiwa Nobel mwaka huo huo. Dalitz hakuipata kamwe. Kwa maoni yetu, bila ya hesabu zake fumbo hilo lisingekuwa na makali yale.

Faida ya mchoro wake iliongezeka zilipopatikana mesoni nzito zaidi: D mwaka 1976, na B, yenye uzito unaozidi protoni tano, mwaka 1983. Hizi aghalabu hazigawanyiki mara moja kuwa tatu. Huvunjika kwanza mafungu mawili, na moja lao, liitwalo resonansi, huvunjika tena papo hapo bila kuacha njia ya kuonekana. Lakini uzito wake husalia katika hesabu ya watoto wake wawili, hivyo nukta hujikusanya kama mkanda. Mikanda miwili ikikutana, hesabu si ya kujumlisha tu: njia zile hukutana kama mawimbi, pengine zikainuana, pengine zikauana. Mwenye kutaka kielelezo cha kweli sharti aunganishe mawimbi kwanza, ndipo ahesabu nukta. Kwa njia hiyo huko CERN, karibu na Geneva, na Tsukuba nchini Japani, hupimwa tofauti baina ya maada na kinyume chake.

Dalitz mwenyewe alihamia Chicago, kisha Oxford mwaka 1963. Mwaka 1959, pamoja na S. F. Tuan, alikuwa ametabiri resonansi moja kwa kalamu na karatasi. Mwaka 1961 ikaonekana. Inaitwa Lambda 1405, na wataalamu wangali wakibishana juu ya asili yake.