Kitili Mwendwa: Mwana wa Kitui aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kukalia kiti cha Jaji Mkuu

MJADALA kuhusu nani anayestahili kuajiriwa katika afisi za umma haukomi nchini Kenya. Kila orodha ya walioteuliwa inapotangazwa, wananchi huhesabu majina kwanza: ya kabila hili ni mangapi, wanawake ni wangapi, walemavu wamo au wameachwa nje.

Mwanzoni mwa uhuru hesabu hiyo ilikuwa ya rangi. Miongoni mwa waliobeba mzigo wake alikuwa Maluki Kitili Mwendwa, mwanasheria kutoka Kitui, ambaye mnamo Julai 1968 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Jaji Mkuu wa Kenya.

Mwendwa alizaliwa mwaka wa 1929 katika wilaya ya Kitui. Babake, Mwendwa wa Kitavi, alikuwa chifu mkuu wakati wa ukoloni. Ni kweli kwamba mtoto wa chifu alifika shuleni kwa urahisi kuliko mtoto wa mchungaji wa mbuzi, na historia ya familia hiyo haiwezi kusimuliwa pasipo kulitaja jambo hilo. Lakini hata mtoto wa chifu alikuwa na mpaka wake, na mpaka huo uliwekwa na Mzungu.

Kwa Wakamba, kuanzia Machakos na Makueni hadi Kitui, mpaka huo ulichorwa kwa namna ya pekee. Serikali ya kikoloni iliamini kwamba kila kabila liliumbiwa kazi yake, na Mkamba akapangiwa bunduki. Vijana wengi wa Ukambani waliandikishwa katika kikosi cha KAR na katika polisi, wakasifiwa kwa ushujaa na utiifu, kisha wakaachwa katika vyeo vya chini. Sifa hiyo ilikuwa pingu iliyopakwa dhahabu: aliyesifiwa kwa kupokea amri hakutarajiwa kamwe kuzitoa.

Mwendwa hakuifuata njia hiyo. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kisha akavuka bahari hadi Uingereza kusomea sheria. Uamuzi huo haukuwa mdogo. Taaluma ya sheria nchini Kenya ilikuwa mikononi mwa Wazungu na Wahindi, na serikali ya kikoloni haikuwa na hamu ya kumsomesha Mwafrika sheria, kwani ilijua kwamba anayeijua sheria ataiuliza maswali.

Hata aliyefaulu kuipata shahada hiyo hakukaribishwa kwa mikono miwili. C.M.G. Argwings-Kodhek, wakili wa kwanza Mwafrika nchini, aliporejea nyumbani katika miaka ya hamsini alipewa kazi serikalini kwa mshahara ulio chini ya ule wa Mzungu mwenye sifa kama zake. Aliikataa, akafungua afisi yake mwenyewe. Wakati huo viwango vya mishahara serikalini viligawanywa kwa rangi ya ngozi, hadi Tume ya Lidbury ya mwaka wa 1954 ilipopendekeza kiwango kimoja kwa wote. Karatasi zilibadilika mara moja, mazoea yalichelewa.

Mahakama nazo zilikuwa na milango miwili. Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alikuwa na haki ya kusikizwa na baraza la Wazungu wenzake. Mwafrika aliamuliwa na jaji aliyesaidiwa na wazee wa baraza ambao ushauri wao haukumfunga. Kesi nyingi za wananchi wa kawaida zilipelekwa katika mahakama za Kiafrika zilizokuwa chini ya usimamizi wa maafisa wa utawala. Huko ndiko Mwafrika aliruhusiwa kufanya kazi ya hakimu, ila juu ya Waafrika wenzake tu.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, mawakili Waafrika walikuwa wachache mno. Chuo cha Mafunzo ya Sheria cha Kenya kilifunguliwa mwaka huo huo, baada ya kamati iliyoongozwa na Lord Denning kupendekeza mawakili wafundishwe papa hapa Afrika. Katika uhaba huo, mtu kama Mwendwa alikuwa lulu. Mwaka wa 1964 aliteuliwa kuwa Wakili Mkuu wa Serikali, akifanya kazi chini ya Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo. Kakake, Eliud Ngala Mwendwa, tayari alikuwa Waziri wa Kazi katika baraza la kwanza la mawaziri la Mzee Jomo Kenyatta.

Mwaka wa 1967, Mwendwa akiwa bado katika wadhifa huo, Bunge lilipitisha sheria mpya za mahakama zilizozifuta mahakama za Kiafrika na kuweka mfumo mmoja wa mahakimu kwa raia wote. Hakimu hakuwa tena wa rangi moja.

Mwaka uliofuata Rais Kenyatta alimteua kuwa Jaji Mkuu. Alikuwa hajatimiza miaka 39. Aliingia mahakama ambamo majaji wengi walikuwa wageni, baadhi yao wakiwa wametumikia kiti hicho kwa miaka mingi kabla yake. Kwa wananchi wa kawaida uteuzi huo ulikuwa na maana isiyohitaji ufafanuzi: joho jekundu na wigi jeupe, vilivyokuwa alama ya mamlaka ya Mzungu, sasa vilivaliwa na mwana wa Ukambani. Mwaka wa 1970, akiwa bado kitini, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha kitivo chake cha sheria, na ngazi aliyoipanda kwa taabu ikaanza kuteremshwa karibu na wengine.

Lakini kiti chake hakikuwa na mizizi. Mnamo Juni 1971, watu kadhaa walifungwa kwa njama ya kuipindua serikali, akiwemo Mbunge wa Yatta, Gideon Mutiso. Jina la Mwendwa lilitajwa katika kesi hiyo, sawa na la Meja Jenerali Joseph Ndolo, Mwafrika wa kwanza kuliongoza jeshi la nchi, ambaye pia alikuwa Mkamba. Wote wawili hawakushtakiwa mahakamani. Wote wawili walijiuzulu. Jaji Mkuu wa nchi aliondoka kazini pasipo kupata nafasi ambayo mahakama zake zilimpa hata mwizi wa kuku: kusomewa shtaka, kujitetea na kuamuliwa.

Nafasi yake ilichukuliwa na Mwingereza, Sir James Wicks. Tangu hapo walifuatana wazaliwa wa Uingereza, Guyana na Ghana, pamoja na Wakenya wawili wenye asili ya Asia, Chunilal Madan na Abdul Majid Cockar. Ilipita miaka 26 kabla ya Mwafrika mwingine mzaliwa wa Kenya, Zacchaeus Chesoni, kukikalia kiti hicho mwaka wa 1997.

Mwendwa alirudi katika maisha ya umma kupitia siasa, akachaguliwa kuwa Mbunge wa Kitui Magharibi mwaka wa 1984. Hakukaa sana. Mwaka wa 1985 aliaga dunia katika ajali ya barabarani. Mjane wake, Nyiva Mwendwa, ambaye alikuwa ameingia Bungeni tangu mwaka wa 1974, alikuja kuwa mwanamke wa kwanza kuwa waziri kamili nchini mwaka wa 1995. Hivyo nyumba moja ya Kitui ilifungua milango miwili iliyokuwa imefungwa, mmoja kwa sababu ya rangi na mwingine kwa sababu ya jinsia.

Funzo la maisha yake halimo katika kule kuwa wa kwanza pekee. Aliyeingizwa kazini kwa hisani ya mkubwa hutolewa kwa minong'ono, na mlango uliofunguliwa kwa mtu mmoja hufungwa nyuma yake. Ndiyo maana Katiba ya mwaka wa 2010 ilizingatia utaratibu. Willy Mutunga, mwana mwingine wa Kitui, alipokuwa Jaji Mkuu mwaka wa 2011, alihojiwa hadharani pamoja na wapinzani wake. Kwa njia iyo hiyo, mwaka wa 2021, Martha Koome alikuwa mwanamke wa kwanza katika wadhifa huo. Jaji sasa haondolewi pasipo kusikizwa na jopo maalumu.

Hesabu ya majina nayo imerudi nyumbani. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka wa 2012 inazitaka kaunti kutenga angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi kwa watu wasiotoka katika jamii yenye wengi. Katika Kitui na Makueni, jamii hiyo ni Wakamba. Wajukuu wa waliowahi kuambiwa kwamba afisi si yao ndio wanaoshika kalamu ya kuajiri leo, na mgeni anayebisha hodi katika afisi za kaunti ana haki ile ile aliyoitafuta Kitili Mwendwa: apimwe kwa ujuzi wake, na akishaajiriwa asifukuzwe kwa uvumi.