Daktari wa Nyuso Zilizoungua

Hapa Migori na kule Homa Bay nimewaona waliounguzwa na koroboi wakificha nyuso. Ndiyo maana namkumbuka Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, 1900. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliwatibu marubani walioungua, huko East Grinstead, Uingereza. Kumbe walioangukia baharini walipona vizuri zaidi! Basi akawaogesha maji ya chumvi. Ngozi nzima aliikunja kama mrija, akaihamishia usoni polepole isikose damu. (Siku hizi kiungo kilichoshonwa upya kikijaa damu, ruba huwekwa wainyonye.) Tena akawaomba wenyeji wawakaribishe majumbani bila kuwakodolea macho. Mwaka 1957, pamoja na Michael Wood na Thomas Rees, alianzisha madaktari wa ndege wa Afrika Mashariki. Alifariki 1960, ndege zingali zinaruka.