Kazimierz Nowak, Aliyeikata Afrika kwa Baisikeli

Mwaka 2021 huko Maasai Mara zilianzishwa mbio za baisikeli ziitwazo Migration Gravel Race. Waendeshaji walikata kama kilomita 650 kwa siku nne, si kwenye lami bali kwenye changarawe na vumbi. Hiyo si kazi ya lelemama! Lakini leo nataka kuwasimulia juu ya mtu aliyepita njia kama hizo miaka tisini iliyopita, peke yake, bila fundi wa kumzibia pancha na bila zawadi ya kumngoja mwisho wa safari.

Jina lake ni Kazimierz Nowak. Alizaliwa mwaka 1897 katika mji wa Stryj, ambao siku hizi uko Ukraine. Baadaye aliishi Poznań, nchini Poland, na mkewe na watoto wao wawili. Uchumi wa dunia ulipoanguka baada ya mwaka 1929, kazi zikawa adimu. Basi Nowak akaamua kusafiri na kuyauzia magazeti habari na picha, ili watoto wapate chakula. Wengine husafiri kwa sababu wana pesa. Yeye alisafiri kwa sababu hana.

Mwezi wa Novemba 1931 aliondoka Tripoli, Libya, na baisikeli yake kuukuu. Akapita jangwani, Misri na Sudan, akaingia Kongo na Rwanda, na mwaka 1934 akafika kusini kabisa mwa Afrika. Mtu mwingine angepanda meli arudi kwao. Yeye akageuka, akarudi kaskazini kwa njia nyingine! Baisikeli ilipomshinda alitumia farasi, mtumbwi, ngamia na hata miguu yake. Novemba 1936 akafika Algiers. Jumla ni kama kilomita 40,000. Hebu piga hesabu: ni kama kwenda kutoka Mombasa hadi Nairobi zaidi ya mara 80.

Sisi wanafunzi wa kutwa tunaokuja shule kwa baisikeli tunaujua mchanga wa njia za Ukunda. Gurudumu likizama unashuka, unasukuma. Sasa fikiria kusukuma hivyo miaka mitano, tena na malaria mwilini.

Liko jambo lililonifanya nimheshimu zaidi. Enzi hizo za ukoloni, Wazungu wengi walisafiri Afrika na msururu wa wapagazi. Nowak alijibebea mzigo wake, na katika maandishi yake aliwalaumu wakoloni kwa kuwanyonya Waafrika. Anayesukuma baisikeli yake huona mengi asiyoyaona anayebebwa.

Je, alipata nini? Utajiri? La hasha. Alifariki Oktoba 1937 kwa homa ya mapafu, akiwa na umri wa miaka 40, hata mwaka haujatimia tangu atoke Afrika. Wengi walimsahau, mpaka mwaka 2000 maandishi yake yalipokusanywa kuwa kitabu. Kuanzia mwaka 2009 hadi 2011 wananchi wa Poland walipokezana kuifuata njia yake, kundi baada ya kundi.

Wapo watakaosema heri angekaa na watoto wake. Mimi sibishi, maana miaka mitano bila baba si mchezo. Lakini tukumbuke ni njaa ya watoto hao iliyompandisha baisikeli. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Nowak alichumia juani, kivulini hakukaa. Tunaokula matunda yake ni sisi tunaosoma habari zake.