LORD HILL: Alipelekwa BBC kuitia adabu, akaishia kuwagomea wakubwa

Leo tuweke pembeni soka na Bongo Fleva, tumzungumzie mzee mmoja wa Uingereza. Wengi wetu hatujawahi kumsikia, lakini wazee wetu waliokuwa wakitega sikio kwenye redio za mkulima kusikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC, walikuwa wanasikiliza shirika ambalo huyu jamaa aliliongoza kuanzia 1967 mpaka 1972. Anaitwa Charles Hill. Baadaye wakamwita Lord Hill wa Luton.

Jamaa alizaliwa London, Januari 1904. Kichwani alikuwa moto, akapiga kitabu mpaka Trinity College pale Cambridge, kisha akasomea udaktari London Hospital. Lakini kilichompa jina si sindano wala dawa. Ni mdomo.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia chakula Uingereza kilikuwa kwa mgao. BBC ikamweka hewani asubuhi awafundishe watu kula vizuri na kulinda afya kwa kile kidogo walichonacho. Jina lake halikutajwa, maana maadili ya udaktari yalikataza daktari kujitangaza, kwa hiyo watu wakamjua kama Daktari wa Redio tu. Sauti nzito, maneno ya mtaani. Wenzake walikuwa wanaongea Kiingereza cha kitabuni, yeye anawaambia watu waziwazi habari za tumbo kujaa gesi na kukosa choo, na anawasifia plamu zilizokaushwa. Watu walimpenda kinoma. Kwa mara ya kwanza waliona daktari anaongea nao kama jirani.

Hapo hapo alikuwa katibu wa chama cha madaktari cha Uingereza, na huko kulikuwa na vita nyingine. Serikali ya Labour ilitaka kuanzisha matibabu ya bure kwa kila mtu, na waziri wa afya alikuwa Aneurin Bevan. Madaktari wakaogopa kugeuzwa watumishi wa kulipwa mishahara na serikali. Hill ndiye akawa msemaji wao mkali. Mwanzoni mwa 1948 madaktari walipiga kura, zaidi ya 40,000 wakaupinga mpango, waliounga mkono hawakufika 5,000. Bevan akalegeza masharti, madaktari wakakubali, na huduma ikaanza tarehe 5 Julai 1948. Kwa hiyo tusimpake mafuta tu mzee huyu. Kwenye jambo ambalo leo Waingereza wengi wanalionea fahari, yeye alisimama upande wa pili.

Mwaka 1950 akaingia bungeni kama mbunge wa Luton, upande wa Conservative. Ile sauti ya redio ilimsaidia sana kwenye kampeni. Mwaka 1955 akapewa wizara ya posta, ambayo enzi hizo ndiyo ilishika pia redio na televisheni. Sasa hapa ndipo utamu unapoanza.

Kulikuwa na sheria moja ya ajabu. Kama bunge litajadili jambo fulani, basi redio na televisheni zinyamaze kuhusu jambo hilo kwa siku 14 kabla ya mjadala. Yaani mwananchi asisikie chochote mpaka waheshimiwa wamalize! Na Hill mwenyewe ndiye aliyeiweka rasmi kwa maandishi mwaka 1955. Kelele zikawa nyingi, mwisho wa 1956 sheria ikasimamishwa kwa majaribio, na 1957 ikazikwa kabisa. Kulikuwa na nyingine pia ya kuzima televisheni saa 12 hadi saa 1 jioni ili watoto waende kulala. Hiyo nayo ikafutwa Februari 1957, baada ya Hill mwenyewe kuisukuma iondoke.

Januari 1957 akahamishiwa kazi ya kusimamia habari za serikali, za ndani na za kupeleka nje. Mwaka huohuo, Juni, ndipo BBC ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili. Wakoloni walikuwa bado hapa kwetu, na redio ilikuwa sehemu ya siasa zao.

Halafu kibarua kikaota nyasi. Julai 1962 Waziri Mkuu Harold Macmillan alifukuza mawaziri saba kwa siku moja, na Hill alikuwemo. Mwaka uliofuata akapewa u-Lord, na uenyekiti wa mamlaka iliyosimamia televisheni za biashara, wapinzani wakubwa wa BBC. Huko hakulala. Mwaka 1967 aligawa leseni upya, makampuni mengine yakapoteza mikataba, mengine mapya yakaingia.

Wakati vumbi halijatulia, mwenyekiti wa BBC akafariki. Waziri Mkuu sasa alikuwa Harold Wilson wa Labour, ambaye alikuwa haelewani na BBC hata kidogo. Akamchukua Hill, mtu wa chama pinzani, tena kutoka kwa washindani wa BBC, akampa kiti. Hebu fikiria kocha wa Yanga anaamka asubuhi anaambiwa nenda kaifundishe Simba! Wafanyakazi wa BBC walishtuka. Wengi waliamini katumwa kumbana mkurugenzi mkuu, Hugh Greene, ambaye chini yake vipindi vilikuwa vinawacheka wakubwa bila woga. Na kweli Greene akaondoka kwenye kiti hicho 1969, akaja Charles Curran. Bodi chini ya Hill ikawa na sauti kubwa kuliko zamani.

Basi watu wakajua kazi imekwisha, mbwa kafungwa mnyororo. Kumbe bado.

Juni 1971, Wilson akiwa ameshashindwa uchaguzi wa mwaka uliotangulia, BBC ilitengeneza kipindi kuhusu yeye na mawaziri wake wa zamani, namna wanavyoishi baada ya kuukosa ulaji. Mtangazaji alimuuliza Wilson amelipwa kiasi gani kwa kitabu chake. Mzee akawaka, ikafika mpaka vitisho vya mahakamani. Magavana wakakiangalia kipindi kabla hakijaruka, swali lile likakatwa, lakini kipindi kikaenda hewani. Aliyempa Hill kiti ndiye aliyekasirika zaidi. Hata hivyo wengine walimlaumu Hill, kwamba bodi kukagua kipindi kabla ya kurushwa ni mlango mbaya kuufungua. Hoja yao ina uzito.

Mtihani mkubwa ukaja Januari 1972. Ireland ya Kaskazini ilikuwa inawaka moto, watu wanauawa, na BBC ikaandaa mjadala mrefu wa pande mbalimbali. Serikali ya Belfast ikagoma kushiriki. Waziri wa Mambo ya Ndani, Reginald Maudling, akamwandikia Hill kutaka kipindi kisirushwe. Huyu Maudling ni mtu wa chama cha Hill mwenyewe, waliokaa naye baraza moja la mawaziri! Hill akakataa. Serikali ilikuwa na uwezo kisheria wa kutoa amri ya kuzuia, lakini haikuthubutu. Tarehe 5 Januari kipindi kikaruka, na wala mbingu hazikuanguka.

Mwisho wa 1972 akastaafu BBC, akaandika kitabu kuhusu miaka yake ya utangazaji, na akafariki Agosti 1989 akiwa na miaka 85.

Kwa nini nimewaletea huyu mzee? Kwa sababu hata kwetu, TBC ya Tanzania na KBC ya Kenya, mwenyekiti wa bodi huteuliwa na Rais, na kila jina likitangazwa tunabishana huyu ni wa nani. Ni swali la haki. Lakini Hill anatuonyesha kwamba lipo swali zito zaidi: siku simu ya mkubwa ikiita kutaka kipindi kizimwe, atajibu nini? Huyu aliyeandika kwa mkono wake sheria ya kunyamazisha redio siku 14, ndiye aliyemwambia waziri hapana. Kiti kilimbadilisha, au alikuwa analinda himaya yake tu?

Mimi naona yote mawili yamo. Wadau mnasemaje?