Mtemi Mirambo na Uteuzi wa Watu Wake

Wanafunzi wenzangu wa zamani, hakuna aliyesoma Tabora asiyelijua jina la Mirambo. Wengi tunamkumbuka kwa vita vyake. Makala haya yanaangalia jambo moja tu katika maisha yake, nalo ni namna alivyochagua watu wa kutimiza mpango wake.

Wapenzi wa michezo watanielewa upesi. Katika raga, mchezo ambao jirani zetu wa Kenya wanausifikia, timu ina watu 15. Wanane wa mbele ni wa kusukumana na kugombea mpira. Saba wa nyuma ni wa kukimbia nao. Kocha anayepanga kushinda kwa mbio, kisha akajaza uwanjani watu wazito watupu, ameshindwa kabla ya filimbi kulia.

Mirambo alizaliwa yapata mwaka 1840 katika Uyowa, magharibi ya Tabora. Baba yake alikuwa Mtemi Kasanda, naye mwenyewe aliitwa Mtyela. Mirambo ni jina la vita, maana yake maiti. Alipokuwa kijana, Wangoni waliingia Unyamwezi kutoka kusini, na inasemekana walimchukua mateka. Kwao alijifunza jinsi ya kuwaweka vijana pamoja, kuwafunza pamoja na kuwafanya waishi kwa kazi ya vita. Yapata mwaka 1860 akarithi utemi wa Uyowa, nchi ndogo kabisa.

Lakini nchi hiyo ilikuwa karibu na njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji. Pembe za ndovu na watumwa walikwenda pwani. Nguo, shanga na bunduki zilikuja bara. Mirambo alitaka kuitawala njia hiyo na kutoza hongo. Watu wake walikuwa wachache kuliko adui zake, kwa hiyo mpango wake ulikuwa mmoja: kupiga ghafla, kuondoka, na kupiga tena mbali kabla habari haijafika.

Kwa mpango huo jeshi la kawaida, la kila mwenye mji kuja na jamaa zake, lisingefaa. Akakusanya rugaruga: vijana wasio na wake, Wanyamwezi, Wangoni, watumwa waliotoroka, wapagazi walioiacha misafara. Hakuuliza ukoo. Stanley alipokutana naye mwaka 1876, wakachanjiana udugu, Mirambo alimweleza kwamba kijana ana macho makali na viungo vyepesi, na hana mke wala watoto wa kumrudisha nyumbani kwa mawazo. Alisema vijana ni wa vita vya uwanjani, na watu wazima ni wa kulinda boma. Yaani alikuwa na wachezaji wake wa mbele na wa nyuma, na kila mmoja alijua mahali pake.

Mwaka 1871 uteuzi huo ulipimwa. Mwezi Agosti Waarabu wa Tabora, Stanley akiwa pamoja nao, waliteka Zimbizo. Soud bin Said akaendelea hadi Ulyankulu, akauteka mji. Alipokuwa akirudi na mateka yake, vijana wa Mirambo waliojificha majanini walimwinukia, wakamwua. Tarehe 22 Agosti wakaingia Tabora yenyewe. Khamis bin Abdullah aliyetoka kuwakabili aliuawa, na sehemu ya mji ikachomwa moto. Lakini muda si mrefu Mirambo alipolishambulia boma la Mfuto, alirudishwa kwa hasara. Mbio hazipandi ukuta. Hata hivyo njia ilifungwa, Stanley akalazimika kuzunguka kusini kwenda Ujiji, na Waarabu hawakupatana na Mirambo ila baada ya miaka minne hivi.

Tusimpambe kupita kiasi. Rugaruga waliishi kwa nyara, na vijiji vingi viliteketea. Na kuna upungufu mwingine unaotuhusu zaidi sisi tunaokalia viti vya kuajiri na kupandisha watu vyeo. Vijana wale walikuwa watu wa Mirambo mwenyewe. Alipofariki tarehe 2 Desemba 1884, ndugu yake Mpandashalo alirithi kiti, lakini hakuweza kuirithi imani yao. Mwaka 1890 naye aliuawa vitani, na dola ikavunjika.

Mwezi huohuo wa Desemba 1884 alifariki pia Nyungu ya Mawe, mtemi wa Ukimbu, kusini ya Tabora. Naye alitumia rugaruga, tena wakali. Lakini katika kila sehemu aliyoiteka aliweka mtwale wa kuitawala na kupeleka pembe makao makuu. Bibi Mgalula alipomrithi, watwale waliendelea na kazi, na dola ikasimama mpaka Wajerumani walipoivunja.

Basi, ndugu zangu, Mirambo anatufundisha kumteua mtu kwa kazi iliyopangwa, si kwa ukoo wala kwa kujuana. Nyungu anaongeza kwamba katika mpango wenyewe iwekwe pia siku ambayo kiongozi hatakuwapo. Atakayeketi tena mezani mbele ya majalada ya waombaji kazi awakumbuke wote wawili.