Charles Rennie Mackintosh

Charles Rennie Mackintosh (Glasgow, 7 Juni 1868 – London, 10 Desemba 1928) alikuwa msanifu majengo, mbunifu wa samani na mchoraji kutoka Uskoti. Anajulikana hasa kwa jengo la Chuo cha Sanaa cha Glasgow, lakini alisanifu pia kanisa na ukumbi wa kanisa katika mji huohuo.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika familia ya watoto 11. Baba yake alikuwa karani wa polisi. Mwaka 1884 alianza kujifunza usanifu katika ofisi ya John Hutchison, huku akisoma jioni katika Chuo cha Sanaa. Mwaka 1889 aliajiriwa na ofisi ya Honeyman na Keppie. Mwaka 1891 alisafiri Italia kwa ufadhili wa masomo.

Ukumbi wa Ruchill

Mwishoni mwa enzi ya malkia Viktoria, Glasgow ilikuwa mji wa viwanda uliokua haraka, na makanisa yalifungua vituo vya misheni katika mitaa mipya ya wafanyakazi. Mwaka 1899 ukumbi wa namna hiyo ulijengwa Ruchill, kaskazini mwa mji, kwa ajili ya Kanisa Huru la Westbourne. Una kumbi mbili, vyumba vya kamati na nyumba ya mlinzi. Kanisa la kando yake lilijengwa baadaye na msanifu mwingine, Neil Campbell Duff.

Mwaka huohuo lilikamilika kanisa la Queen's Cross, ambalo ndilo kanisa pekee lililojengwa kwa ramani zake. Hata hivyo, kwa kuwa alikuwa mwajiriwa tu, kazi hizo zilitolewa kwa jina la ofisi. Alifanywa mbia mwaka 1901.

Ndoa na miaka ya mwisho

Mwaka 1900 alimwoa msanii Margaret Macdonald, aliyeshirikiana naye kupamba nyumba na migahawa mingi. Mwaka 1903 alishindwa katika shindano la kusanifu kanisa kuu la Liverpool. Baada ya mwaka 1909 kazi zilipungua, na mwaka 1914 wawili hao waliondoka Glasgow. Katika kijiji cha Walberswick, Uingereza, alishukiwa kuwa jasusi wa Wajerumani. Kuanzia mwaka 1923 waliishi kusini mwa Ufaransa, ambako alichora picha za rangi za maji. Alifariki kwa saratani, akiwa na mali kidogo.

Urithi

Sifa zake zilikua baada ya kifo chake. Mwaka 1973 iliundwa jumuiya ya kutunza kazi zake, ambayo baadaye iliweka makao yake Queen's Cross. Jengo la Chuo cha Sanaa liliungua mwaka 2014, na tena vibaya zaidi mwaka 2018 likiwa katika ukarabati.